Kalenda ya Kigujarati jikoni kwangu Moshi: mfungo inaujua, saa zetu haizijui

Bei kwanza, maana kila anayeiona ukutani ndilo swali lake: shilingi 10,000. Niliinunua Desemba hapa Moshi mjini, kwenye duka la viungo na vifaa vya ibada ya Kihindu, si mbali na Soko Kuu. Kwa kalenda, elfu kumi ni pesa. Ya benki unapewa bure, na ya duka la vifaa vya ujenzi wanakufungia pamoja na misumari. Hii ina kurasa 12, imechapwa India, maandishi karibu yote ni ya Kigujarati, na Kigujarati changu hakizidi salamu na majina ya vyakula. Hata hivyo nasema inalipa. Ila ina kasoro moja kubwa ambayo muuzaji hakuambii, na ukiifuata kibubusa utampelekea mtu wali siku aliyofunga.

Mimi ni mpishi. Nyumbani Tanga, nimeolewa Pasua, na kazi yangu ni kupika chakula cha mchana na kukisambaza madukani kwa bodaboda. Wateja ni mchanganyiko: Wachaga, Wapare, Waswahili wenzangu, na Wahindi wa kila namna, maana Wahindi nao si kitu kimoja. Ismailia na Bohora ni Waislamu kama mimi. Majaini wana mambo yao, hata kiazi baadhi yao hawagusi kwa sababu kimeng'olewa ardhini. Walionifanya nitoe elfu kumi ni Wahindu.

Mtu akiniambia "leo nimefunga", kwa malezi yangu najua hali wala hanywi mpaka magharibi. Wao sivyo. Aliyefunga ekadashi, yaani siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wao, anakula, tena anaweza kula vizuri, ila hagusi nafaka wala jamii ya kunde. Wali hapana, chapati hapana, ugali hapana, dengu, choroko na maharage hapana. Kitunguu maji na kitunguu saumu navyo vinakaa pembeni. Kinachobaki ni viazi, viazi vitamu, karanga, maziwa, mtindi, matunda, sabudana (chembe za wanga wa mhogo), na vimbegu vidogo viitwavyo moraiyo ambavyo wanavipika mahali pa wali. Usipojua siku yake imefika, hotpoti zinarudi kama zilivyotoka na hasara ni yako peke yako.

Sasa kalenda yenyewe. Kila siku ina kisanduku. Tarehe tunayoijua sote iko katikati kwa tarakimu kubwa, na kwenye kona kuna tarakimu ndogo za Kigujarati. Hiyo ndogo ndiyo uliyoilipia. Ni tithi, yaani siku ya mwezi wa angani. Mwezi mzima wameugawa nusu mbili: sud, tangu mwezi unapoandama mpaka unapokuwa mpevu, na vad, tangu hapo mpaka unapopotea. Kila nusu ina tithi 15. Moja ya Kigujarati inafanana na tisa yetu, kwa hiyo 11 inasomeka kama 99, na mimi nikifungua ukurasa mpya kazi ya kwanza ni kutafuta zile 99 mbili na kuzizungushia peni nyekundu. Hizo ndizo ekadashi, au agiyaras kama Wagujarati wenyewe wanavyosema. Mwezi mpevu wamechora duara tupu, siku ya giza duara jeusi. Hilo hata mwanangu wa chekechea analisoma.

Usishtuke ukikuta namba zimeruka. Kuna wiki utaona 8, 9, 11, na kuna wiki 6 imejirudia siku mbili mfululizo. Msichana anayenisaidia jikoni alisema waliochapa wamekosea, turudishe dukani. Hawajakosea. Tithi haipimwi kwa saa 24. Inapimwa kwa mwendo wa mwezi: kila mwezi unapoliacha jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Na mwezi hauendi mwendo mmoja. Ukiikaribia dunia unakaza, ukijitenga unalegeza. Ndiyo maana tithi moja inaweza kuchukua kama saa 19 na nyingine ikafika 26. Kisanduku kinapewa tithi iliyokuwapo jua linapochomoza. Tithi iliyoanza jua limeshatoka, ikaisha kabla ya jua la kesho yake, haipati kisanduku. Iliyokutwa na macheo mawili inapata viwili. Kwetu Waislamu siku inaingia magharibi, basi. Ugomvi wetu unabaki kwenye nani kauona mwezi na wapi.

Hapo kwenye "jua linapochomoza" ndipo kasoro ilipo. Jua la wapi? Hii kalenda jua lake ni la Mumbai.

Nitatoa mfano, na namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kalenda inaonyesha ekadashi imeanza Jumatatu saa moja kamili asubuhi kwa saa za India, ikaisha Jumanne saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi. Mumbai jua la Jumatatu lilitoka saa kumi na mbili na dakika 20, ekadashi bado haijaingia. Jua la Jumanne limeikuta ipo. Kwa hiyo kwao mfungo ni Jumanne, na kalenda imechapa hivyo. Njoo Moshi. India wametutangulia saa mbili na nusu. Ekadashi ile ile huku imeanza Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri, watu wamelala, na jua la Moshi linatoka mnamo saa kumi na mbili na nusu. Limeikuta. Jumanne ikifika saa kumi na dakika kumi alfajiri imeshakwisha. Kwa hesabu ya macheo ya hapa, mfungo ni Jumatatu. Ni siku nzima ya tofauti, na kwa anayepika sufuria za watu wengi siku nzima si mchezo.

Haitokei kila mwezi. Mara nyingi Mumbai na Moshi wanaangukia siku moja, na hilo ndilo linalokulevya ukaiamini kalenda. Ikitokea, unaijua kwa wazee. Kuna bibi mmoja mteja wangu, dukani wote wanamwita Ba nami nikafuata. Kazaliwa hapa hapa Moshi na Kiswahili chake kinanishinda mimi kwa methali.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba. Kesho agiyaras, dada, usilete roti."

"Ba, mbona kalenda inasema keshokutwa?"

"Hiyo ya Bombay. Mimi nakaa Moshi."

Mwanawe wa kiume, dukani humo humo, alifunga keshokutwa, kwa sababu mkewe anafuata kwao Gujarat. Nikapeleka hotpoti mbili za mfungo kwa siku mbili, nyumba moja. Na usidhani yeyote kati yao alikuwa amepotea. Wengine wanafuata macheo ya hapa, wengine tangazo la hekaluni, wengine simu ya dada aliyeko Rajkot, India. Tena kuna zaidi: baadhi ya miezi kalenda yenyewe inachapa ekadashi mbili kwa siku zinazofuatana, moja ya Wahindu wa kawaida, moja ya Wavaishnava, yaani wafuasi wa mungu Vishnu. Hao wa pili wana sharti kwamba ekadashi iwe imeshaingia tangu alfajiri kabisa, dakika 96 kabla ya jua. Ikichelewa hapo, wanasogea mbele siku moja. Kwa hili kalenda naisifu, imeandika zote mbili bila kuficha, ingawa kwa herufi za kuhitaji miwani.

Saa nazo zimeandikwa kizungu, kwa hiyo jikoni kwangu tunageuza mara mbili. Ukiona 18.30, unatoa saa mbili na nusu unapata 16.00, halafu unaisema saa kumi jioni. Umezoea baada ya muda. Ila kanuni hii inafaa kwa mwanzo na mwisho wa tithi tu, kwa sababu tithi inaisha dakika ile ile dunia nzima. Kuchomoza kwa jua na kwa mwezi hakutolewi hivyo, kila mji una wake. Ipo siku ya chauth katika nusu ya giza, siku ya mungu Ganesha, mfungaji anangoja mwezi utoke ndipo ale. Saa ya mwezi iliyochapwa ni ya Mumbai, na ukiitoa saa mbili na nusu hupati ya Moshi. Na masika mwezi wenyewe uko nyuma ya mawingu, watu wanatazama saa wakitegemea walichoambiwa. Kufungua ekadashi nako ni hivyo hivyo: ni asubuhi ya pili, jua likishatoka, na tithi ya 12 ikiwa haijaisha. Kuna asubuhi nafasi hiyo ni finyu, na mteja anataka kifungua kinywa chake mapema. Kwa mambo haya kalenda hii haina msaada kabisa.

Dawa ipo na ni ya bure. Kwenye simu kuna programu iitwayo Drik Panchang. Ukiiwekea mji wako, macheo, tithi na saa za kufungua zinakuja kwa hesabu ya hapa. Mimi ninazo zote mbili. Kalenda inaniambia mwezi mzima kwa jicho moja, nijue lini niongeze karanga na lini nipunguze mchele. Simu ninaitazama siku mbili kabla, kuhakikisha. Ungenilazimisha kuchagua moja ningechukua simu, kisha ningenung'unika kila siku, maana huwezi kushika simu na mikono yenye samli.

Pale kalenda ilipoonyesha thamani yake mwaka huu ni mwezi wa nyongeza. Hii wengi hawaijui, na ningeomba tuielewe vizuri sisi tunaofunga Ramadhani. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, wa jua 365. Sisi zile 11 tunaziacha ziende, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na mtu mzima ameifunga kwenye joto, kwenye mvua na kwenye baridi ya Julai. Wahindu wanaziweka akiba, zikikusanyika, baada ya kama miezi 32 au 33, wanaingiza mwezi mzima. Mwaka huu wa 2026 mwezi wao wa Jeth umekuja mara mbili: ya nyongeza ilianza 17 Mei ikaisha 15 Juni. Ndiyo maana Diwali ya mwaka jana ilikuwa Oktoba na ya mwaka huu ni 8 Novemba. Inasogea, inarudi, lakini haitoki kwenye miezi yake hiyo miwili.

Kwa mfuko wangu mwezi ule ulikuwa na sura mbili. Harusi hawafungi, kwa hiyo oda za harusi za Kihindu zilikuwa sifuri. Lakini ni mwezi wa ibada, wapo waliokula mlo mmoja kwa siku mwezi mzima, na ekadashi za mwaka zikapanda kutoka 24 za kawaida kuwa 26. Kalenda iliuandika ukurasa huo kwa rangi tofauti kabisa. Bila hiyo ningedhani biashara imelogwa.

Kisha ikafuata Bhim Agiyaras, 25 Juni. Hii ndiyo moja ambayo tungeielewa haraka sisi, maana wanaoifunga kikamilifu hawanywi hata maji. Jina linatokana na Bhima, shujaa wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindu, ambaye alikuwa mlaji hata ndugu zake wanafunga yeye hawezi. Akaambiwa basi funga hii moja bila maji, utahesabiwa zote za mwaka. Ba aliponisimulia alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema yeye siku hizi daktari amemkataza, anakunywa maji na maziwa. Siku hiyo usipeleke kitu kabla ya kupiga simu.

Na Februari ndiyo ilikuwa kichekesho. Shivaratri, mfungo wa mungu Shiva, iliangukia Jumapili tarehe 15, Jumatano ya Majivu tarehe 18, na wiki hiyo hiyo sisi tukaingia Ramadhani. Mji mzima umefunga, kila mtu kwa namna yake, na mimi ninaishi kwa kuuza chakula! Si bahati nasibu. Mwezi ulipotea tarehe 17. Shivaratri inakaa mwisho wa nusu ya giza, Ramadhani inangoja mwezi mwandamo, na Kwaresima inahesabiwa kurudi nyuma kutoka Pasaka, ambayo nayo inafuata mwezi mpevu. Kalenda ya benki haikuniambia hayo. Ile duara nyeusi kwenye kisanduku iliniambia tangu Januari.

Mbele yetu sasa ndipo penye kazi. Jumamosi 25 Julai inaanza miezi minne mitakatifu, Chaturmas, mpaka Novemba. Harusi zinasimama tena. Siku hiyo hiyo wasichana wadogo wa Kigujarati wanaingia mfungo wa siku tano ambao chakula chake hakitiwi chumvi, na kabla ya hapo wanakuwa wameotesha ngano kwenye vibakuli. Kumpikia mtoto chakula kisicho na chumvi akakila siku tano bila kuomba chipsi, huo ni ufundi. Mimi nategemea ndizi mbivu, maziwa na karanga, na ninamwachia mama yake mengine.

Agosti inaleta mwezi wao wa Shravan, na hapa kalenda inakuonyesha upande mmoja tu. Wagujarati wanaanza mwezi siku inayofuata giza, kwa hiyo Shravan yao mwaka huu ni kuanzia 13 Agosti. Watu wa kaskazini mwa India wanaanza mwezi baada ya mwezi mpevu, Shravan yao inaingia 30 Julai. Nina wateja wawili kutoka Uttar Pradesh, mafundi mitambo. Jumatatu za Shravan ni za Shiva, wanafunga. Ukizijumlisha za pande zote mbili unapata Jumatatu sita, kuanzia 3 Agosti mpaka 7 Septemba, badala ya nne zilizomo kwenye kalenda. Sikukuu zenyewe hazitofautiani; Janmashtami, siku ya kuzaliwa Krishna, ni 4 Septemba kwa wote. Ni majina ya miezi tu yanayopishana. Shravan hiyo pia wapo wanaoacha mboga za majani, na mama anayeniuzia mchicha Mbuyuni anaijua Shravan kwa jinsi wanunuzi wake wa Kihindi wanavyoadimika.

Siku moja kabla ya Janmashtami kuna Shitala Satam, na hii naipenda kuliko zote. Jiko haliwashwi. Kila kitu kimepikwa jana yake, siku ya Randhan Chhath, na leo kinaliwa cha baridi, jiko limepakwa alama nyekundu na limepumzishwa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimwambia mume wangu kwamba hii ingefaa iwe sheria ya nchi. Kwa biashara maana yake ni kwamba oda zinakuja siku moja kabla, chapati za viungo na vitafunwa visivyochacha, na siku yenyewe hupeleki hata chai.

Kitu ambacho kalenda haiwezi kukuambia, na hapa siilaumu, ni kila nyumba inakula nini. Kisanduku kinasema ekadashi, kinanyamaza. Mvuje, kwa mfano. Sisi watu wa pwani tunaujua kwa kumfunga mtoto asidhuriwe, wao wanautia kwenye mboga kila siku. Siku ya mfungo wengi hawautaki, kwa sababu wa dukani umechanganywa na unga wa ngano. Bizari ya manjano nyumba nyingine inaruhusiwa, nyingine hapana. Chumvi ya kawaida wengi wanaikwepa wanatumia ya mawe. Ndizi mbichi zinakubalika, na kwa mji huu hilo ni neema. Unga wa rajgira unakubalika pia, ni mbegu za ndugu yake mchicha. Lazima uulize nyumba kwa nyumba, uandike. Mimi naandika pembeni ya kalenda yenyewe kwa penseli, na niseme karatasi yake inapokea penseli vizuri.

Oda kubwa ya ekadashi ni khichdi ya sabudana, zile chembe nyeupe zinazotengenezwa kwa wanga wa mhogo. Inaonekana rahisi. Unaziosha mpaka maji yasiwe na ukungu, unazimwagia maji yazifikie tu usoni, yasizidi, unaziacha tangu usiku. Asubuhi unachukua chembe moja, unaibana kwa kidole gumba na cha shahada. Ikisagika yote bila kiini kigumu katikati, tayari. Ikiwa na kiini, nyunyizia maji, ngoja. Samli kwenye karai, jira ipasuke, pilipili mbichi, viazi vya vipande vidogo mpaka viive, ndipo sabudana iliyochanganywa na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu nusu. Moto mdogo. Unageuza kwa upole, na unaacha kugeuza pale chembe zinapoanza kung'aa. Ukiendelea kidogo tu, umepika gundi ya fundi viatu. Ndimu, kotmiri, funika. Sufuria na mwiko wake ni vya peke yake, havijawahi kuguswa na kitunguu, na vinakaa kabati la juu chini ya kalenda. Wateja wanajua hilo, wamewahi kuja kuangalia.

Nirudi kwenye bidhaa, nimalizie malalamiko madogo. Sikukuu zenye wino mwekundu ni za India: 26 Januari nyekundu, 15 Agosti nyekundu, 2 Oktoba nyekundu, lakini Saba Saba, Nane Nane na 9 Desemba ni siku kama siku nyingine. Wino unaachia ukiugusa na mvuke. Machi yangu ina Ganesha mwenye uso wa zambarau. Tundu la kutundikia lilichanika mapema nikalitia gundi ya karatasi. Nyuma ya kila ukurasa kuna nyota za watu, mapishi na matangazo, yote ya Kigujarati, siwezi kuyapimia. Jedwali la saa njema na saa mbaya za mchana limehesabiwa kwa mchana wa saa 12 kamili, na sisi tunaokaa karibu na ikweta mchana wetu ndio huo mwaka mzima, ila uongeze kama nusu saa kwa sababu jua letu halitoki kumi na mbili juu ya alama.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa na saa za Afrika Mashariki ningeipa tano na kufumbia macho wino. Kama unapika, unauza maziwa, matunda au mboga kwa Wahindu wa Moshi au Arusha, inunue, uitumie pamoja na simu, na ufanye urafiki na bibi mmoja. Kama wewe ni Mhindu unayetaka saa ya kufungua, hekaluni wanakuambia bure. Kuna toleo lenye tarakimu za kawaida badala ya za Kigujarati, muulize muuzaji kabla hajakufungia. Za 2027 aliniambia zitaingia kabla ya Diwali na huwa haziletwi nyingi, kwa hiyo mkiwahi kabla yangu, niachieni moja.